Ngome Yetu ya Saint Paul na Neno la Siku ya Pili

Tangu turudi, simu yangu haijapata kupoa. Huku Amerika wa Woodbury anauliza, wa Fridley anauliza, hata shemeji yangu aliyeko Kitale, ambaye theluji ameiona kwenye friji tu, anauliza. Na swali la wote ni lile lile: mlikwenda kote huko, mlimwambia nini yule mzee? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nitawasimulia mara moja, tangu mlangoni kwangu. Mnanijua mimi Wekesa, natia chumvi mpaka msikilizaji anaomba maji. Lakini safari hii ilikuja na chumvi yake yenyewe, na mahali pengine sikuhitaji kuongeza.

Fridley mpaka Saint Paul

Nilitoka Fridley kwa basi, asubuhi ya baridi yenye kinyongo. Nilikuwa nimevaa kofia tatu, moja juu ya nyingine, na abiria aliyekaa kando yangu akaniuliza kwa upole kama ninahama. Nilibeba chapati za kutosha kulisha kikosi cha jeshi, na mfuko wenye blanketi jipya, jekundu, zito, la kumfunika mabegani yule mwenye jengo tuliyekuwa tunamwendea. Kwetu huendi kwa mzee na jambo kubwa ukiwa mikono mitupu.

Mtaani Cedar nilimpitia Mzee Byamungu. Huyu ni mzee wa kanisa letu, Mkongo wa upande wa Bukavu, na ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Anakaa juu kabisa katika yale majumba marefu, na siku hiyo lifti ilikuwa imegoma, kwa hiyo nilipanda ngazi mpaka nikaona migongo ya mawingu. Nilimkuta ameketi kitandani na suti, tai na koti juu yake, kofia magotini, kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Jirani yake, mama wa Kisomali, alikuwa amemfungia sambusa na kumwonya azile kabla sijafika. Mzee alikuwa ametii.

Tukapanda treni hadi Saint Paul, maana hakutaka kuondoka bila kuliona kanisa.

Kwa wale ambao hamkuwahi kufika pale: jengo tulilokuwa tukisali ndani yake lilikuwa ngome. Sitanii. Lilikuwa na mnara wa mawe wenye meno juu yake kama taya la mamba, madirisha membamba ya kupitishia mishale, na ndani ngazi za mawe zilizojiviringa mpaka kwenye kengele. Walilijenga wahamiaji waliotoka Ulaya na picha za ngome za zamani vichwani, ingawa jeshi pekee lililowahi kuishambulia Saint Paul ni la mbu. Haya nayajua kwa sababu nilipokuwa nasoma shule ya jioni, baada ya zamu ya kiwandani, somo pekee lililopatana na saa zangu lilikuwa historia ya ngome na majengo ya kale. Nililichukua kwa ajili ya ratiba, nikalipenda mpaka mke wangu akaona wivu. Nilihitimu nikiwa na mvi. Jumapili ya kwanza nilipoingia kanisani mle nilisimama katikati nikitaja kila sehemu ya ukuta kwa jina lake, mpaka mhubiri akanyamaza kunisubiri.

Jengo halikuwa letu. Mwenyewe ni Bwana Arvid, mzee ambaye babu yake alikuwa mmoja wa waliochonga yale mawe. Waumini wa zamani walipokwisha, alilinunua lisivunjwe, akatuachia sisi tusali humo, kisha akahamia mbali, Montana, awe karibu na binti yake. Wiki chache kabla ya safari alimpigia simu katibu wetu, Mama Moraa. Kampuni fulani ilitaka kiwanja, ibomoe, ijenge fleti. Hakuwa amejibu. Mkiwa na la kusema, alisema, niambieni kabla sijajibu. Na njia ya pili ilikuwepo: yeye akikubali, jiji lingeliweka jengo miongoni mwa majengo ya kumbukumbu, na hakuna ambaye angeligusa tena.

Basi neno letu lilikuwa hilo: usiuze, likubali liwe la kumbukumbu. Neno fupi, lingeenea kwenye simu na nafasi ikabaki. Lakini Mzee alisema nyumba haiombwi kwa simu, na kikao kizima kikaitikia.

Tulipofika pale, Mzee aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Ibada ya mazishi ya mke wake ilikuwa humo ndani. Kisha gari la Mama Moraa likapiga honi. Yeye ni muuguzi, Mkisii, anakaa Woodbury, na huendesha kila siku kana kwamba mgonjwa yuko kiti cha nyuma.

Saint Paul mpaka barabara ilipokwisha

Ukitoka huku kuelekea magharibi, dunia hukunjuka ikawa shuka jeupe. Hakuna kilima, hakuna mti wa kukupa pole. Mbingu na ardhi zilikuwa rangi moja, ya chuma kilichochakaa, na niliwaambia wenzangu kwamba tukiendelea hivi tutatokea upande wa pili wa karatasi.

Niliwapa somo. Niliwaeleza jinsi ngazi za ngome zilivyojiviringa upande mmoja ili, wanasema, anayeshuka apate nafasi ya kuuzungusha upanga na anayepanda aukwaruze ukutani. Niliwaeleza mahandaki, na madaraja ya kuinuliwa kwa minyororo. Mama Moraa alisema mimi nikifa nizikwe na ubao na chaki.

Mzee ndiye aliyetupanga. "Bon," alisema, "tukifika, siku ya kwanza ni ya kusalimu. Tunashukuru, tunamvika blanketi, tunamwombea. Mwenye nyumba ndiye anauliza tumeleta neno gani. Asipouliza, tunarudi siku ya pili na kulitoa. Na halitolewi tumesimama mlangoni. Linatolewa tumekaa."

Mama Moraa akasema kwao Kisii ni vivyo hivyo. Nikasema kwetu Bungoma ni vile vile, ila sisi tungeongeza kuku. Makabila matatu, nchi mbili, na hakuna aliyepinga. Nasi ni kanisa ambalo rangi ya mapazia tu ilitaka kuligawa. Tulifurahi mno kwa kupatana huko. Tulikula chapati juu yake.

Kisha upepo ukaanza. Theluji haikuanguka kutoka juu, ilikuja ubavuni, na magari yaliyotutangulia yakafutika moja moja kama majina ubaoni. Huko Dakota Kaskazini barabara kuu ina lango, kama la boma la ng'ombe, na hali ikichafuka hushushwa. Tulilifikia limeshushwa. Askari mwenye barafu kwenye masharubu alitwambia tuingie mji wa karibu tungoje. Tungoje mpaka lini? Akatazama angani, akatutazama, akasema inategemea.

Chini ya kanisa la watu wengine

Hoteli zote zilijaa. Tulipelekwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la mji ule, pamoja na madereva wa malori, familia yenye mbwa, na bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Baridi iligonga madirisha. Taa zilikuwa za ule weupe unaomfanya kila mtu aonekane ametoka wodini.

Wanawake wa pale walileta masinia makubwa ya chakula cha kuokwa, nyama chini, viazi vidogo juu, vimepangwa kama vigae. Mzee alitazama yale masinia, akatazama nyuso za wenyeji zilizokuwa kimya, akaniambia kwa sauti ya chini nimuulize mama yule nani amefariki. Nikauliza. Mama akashtuka, akasema hakuna, ni chakula tu. Nikamfasiria Mzee. Hakuamini. Alimshika yule mama mkono akampa pole hata hivyo, na mama akaipokea, machozi yakamlengalenga. Baadaye tukajua mumewe alikuwa amekufa kabla ya mavuno. Hapo sijatia hata punje ya chumvi.

Lakini kilichomkaa Mzee moyoni ni keki. Kilibaki kipande kimoja kwenye sahani, na ukumbi wote ulikikodolea macho. Hakuna aliyekichukua. Dereva mmoja akakikata nusu, akaacha nusu. Bibi wa mjukuu akaikata ile nusu, akaacha robo. Ikaendelea hivyo mpaka kikabaki kitu ambacho sisimizi angekibeba bila kuomba msaada, na hicho pia kikaachwa.

"Hawa watu wana adabu kama sisi," Mzee alisema, ameridhika. "Mtu anataka, na hasemi."

Tulikaa pale siku nzima na nyingine. Kwa kukosa la kufanya niliwaeleza mambo ya kuzingirwa. Ngome nyingi, niliwaambia, hazikuangushwa kwa vita. Jeshi lilipiga kambi nje likangoja, wa ndani wakangoja, chakula kikaisha pande zote mbili, na asubuhi moja lango likafunguliwa bila mtu kurusha jiwe.

Mama Moraa alikuwa amejifunika koti hadi puani. "Na sisi tuko nje ama ndani?" akauliza.

Nikageukia chapati. Mwalimu wangu wa jioni angenikata alama.

Nyumbani kwa Bwana Arvid

Lango lilipoinuliwa tuliendesha kwenye barabara iliyong'aa kama kioo, tukayapita malori yaliyolala kifudifudi mitaroni. Tulifika mchana, mji mdogo wenye mnara wa nafaka na duka la matrekta. Bwana Arvid alitufungulia kabla hatujabisha. Ni mrefu, mwembamba, ameinama kidogo mabegani, na mikono yake ni mikubwa kuliko yeye. Alisema alitazamia tungegeuka kwa sababu ya theluji. Alifurahi hatukugeuka.

Alitupa kahawa nyepesi kiasi cha kusoma chini ya kikombe kilikotengenezwa, na biskuti alizopanga mwenyewe. Tukakaa. Alituuliza habari za barabara, tukampa. Alituuliza habari za upepo, tukampa. Kisha akatoa picha za zamani: wanaume wenye ndevu wamesimama juu ya mnara wetu usio na kichwa bado, na mmoja wao ni babu yake. Alisema babu huyo alipokuwa mdogo kule Norwe aliiona ngome mara moja tu, kwa mbali, akipita na ng'ombe wa watu, na hakupata kuingia ndani. Alipokuja Amerika akatia meno kwenye kila ukuta aliopewa.

Baada ya hapo picha zikaisha. Saa ya ukutani ilisikika. Tulikaa wima, mikono magotini, tukingoja atuulize tumeleta neno gani. Yeye alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari, akamtazama Mama Moraa, akamtazama Mzee, akanitazama mimi. Akasema tukae kadiri tupendavyo. Tukakaa. Upepo ulipita chini ya mlango. Nilikuwa na lile neno mdomoni kama pipi moto, ulimi ukiligeuza huku na huku, na Mama Moraa alipoona midomo yangu inacheza akanikanyaga mguu.

Mwisho Mzee akasimama. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha taratibu, nami nikafasiri. Alimshukuru Bwana Arvid kwa mlango aliotufungulia tulipokuwa wageni. Alimshukuru kwa arusi zilizofungwa mle na watoto waliobatizwa. Alimshukuru kwamba mkewe alisindikizwa kutoka nyumba yenye kengele. Kisha akamvika lile blanketi, akaweka mikono juu ya mabega yale, akamwombea yeye na binti yake na ardhi yake. Kwa Kiswahili huo ulikuwa mlango wa maneno. Nyumba yenyewe ilikuwa bado.

Bwana Arvid alilia. Mtu wa kule akilia hutazama dirisha, kana kwamba machozi ni ya mtu mwingine anayepita nje.

Alitusindikiza. Tulikuwa tumeshavaa viatu, mlango uko wazi na baridi inaingia, aliponishika mkono akauliza, "Hakuna jambo lingine?"

Nikamfasiria Mzee. Mzee alitazama kizingiti, akatazama viatu vyetu. Akatikisa kichwa. "Si mlangoni, mwanangu. Mwambie tumeshiba."

"Tumeshiba," nikasema. "Ahsante. Kesho tutapita tena kabla ya kuondoka."

Alitupungia mkono mpaka tukakata kona.

Siku ya pili

Asubuhi ile tulikuwa wepesi kama vijana wanaokwenda kupokea mchumba. Mzee alikuwa amelipiga msasa neno lake hata likang'aa. Alilitoa mbele yangu chumbani hotelini, ameketi kitandani na tai yake, nami nikaona hakuna mwanadamu atakayelikataa. Mama Moraa alipaka mdomo rangi. Kwenye gari tulizungumzia kupaka upya mlango wa kanisa.

Bwana Arvid alifungua akiwa amejifunga lile blanketi. Alionekana amelala vizuri. Uso wake ulikuwa umefunguka, na hata kahawa ya siku hiyo ilikuwa na rangi. Tulikaa. Mzee akasafisha koo, nikafasiri: jana tulikuja kukusalimu, leo tumekuja na neno.

Akainua ule mkono mkubwa, akaomba radhi, akasema kabla hatujaendelea ana jambo la kutueleza, maana tumemtendea wema ambao hakuutarajia.

"Nilisaini jana jioni," alisema. "Wiki zote hizi nilishindwa. Nilimwambia binti yangu, watakuja kuniomba nisiuze, na wakiomba sitauza. Nilikuwa nawangoja. Mkaja katika theluji ile yote, na hamkuomba. Mlinishukuru. Mliniombea. Nikawauliza hata mlangoni. Nikajua mmeniachilia."

Sikutaka maneno yale yatoke kwangu kwenda kwa mtu mwingine. Lakini Mzee alikuwa akinitazama, basi nikayafasiri yote, neno kwa neno, bila kuongeza kitu, na sidhani kama nimewahi kufanya hivyo maishani. Mama Moraa alitazama ndani ya kikombe chake kama kisima.

Nilimuuliza Bwana Arvid kama jambo hilo linarudishika. Hapana, alisema, wale wa kampuni walikwishajibu usiku uleule. Kisha akamgeukia Mzee kwa heshima, akavuta kiti mbele kidogo.

"Na neno lenu la leo," akauliza, "ni lipi?"

Ndilo swali tulilolifuata kutoka Saint Paul. Liliulizwa jinsi linavyotakiwa, tumekaa, na mwenye nyumba mwenyewe. Nikamfasiria Mzee.

Mzee aliangalia lile blanketi mabegani mwa mwenzake.

"Mwambie tumekuja kumuaga," akasema.

Kurudi

Hali ya hewa ilikuwa nzuri sana, kwa dhihaka. Jua liliwaka juu ya theluji mpaka macho yakauma, na lile lango la barabara lilikuwa limeinuliwa juu kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama Moraa aliendesha taratibu. Chapati zilikuwepo na hakuna aliyezigusa. Sikutoa somo.

Karibu na mji wa Fargo Mama Moraa akasema, "Nyinyi wanaume na siku zenu za kwanza." Baada ya kilomita nyingi akaongeza, "Na mimi ndiye niliyekukanyaga mguu."

Mzee alikuwa kiti cha nyuma, kofia magotini. Tulidhani amelala. "Yule mtu aliniuliza mlangoni," alisema peke yake. "Aliniuliza."

Saint Paul mpaka Cedar

Sasa tunasali Fridley, kwenye chumba cha kukodi kando ya duka la magurudumu. Dari unaweza kuigusa. Kengele hakuna, Mzee hugonga meza kwa funguo.

Walipoanza kubomoa, alitaka kwenda. Nikampeleka kwa treni. Paa lilikuwa limeshaondoka na mnara ulikuwa umepasuliwa ubavu, zile ngazi za kujiviringa zikawa wazi mbele ya watu wote, zinapanda, zinapanda, halafu hazifiki popote. Watoto wa mtaani walipiga picha. Mzee alishika waya wa uzio kwa vidole vyake, vumbi la mawe likimtua kwenye koti. Akasema angependa kuwa na jiwe moja. Hakulisema kwangu hasa. Alilisema kwa waya.

Msimamizi wa kazi alikuwa kando ya lori, anakula sandwichi. Nilimwendea, nikaanza kama nilivyolelewa: habari ya asubuhi, pole na kazi, baridi leo imepungua. Aliitikia yote akitafuna. Nikasikia ulimi wangu unaelekea kwenye shukrani. Nikaushika.

"Naomba jiwe moja," nikasema.

"Hilo tu?" akasema. "Chukua."

Hakuacha hata kutafuna. Nilichagua moja lenye alama za patasi, nikalitia kwenye mfuko ule ule uliobeba blanketi, maana ndio pekee uliokuwa na nguvu. Kwenye treni Mzee alilipakata. Watu walimtazama mzee mwenye tai na vumbi kichwani, amekumbatia mfuko.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza.

"Nilimwomba."

Tulishuka Cedar. Lifti ilikuwa imegoma tena, kwa hiyo tulilipandisha lile jiwe kwa ngazi, kwa zamu, tukipumzika kila ghorofa, na kila zamu yangu ilipofika ilinibidi nimwombe anipe.